Msalaba Juu ya Jiwe la Askari

Somo la familia kwa juma la Siku ya Kumbukumbu
Tusome kwanza: Mwanzo 35:16-20 na Yoshua 4:1-9



Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Mei hapa Marekani ni siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa wakiwa kazini. Wengi wetu tumeizoea kama siku ya mapumziko na ya kuchoma nyama nje ya nyumba. Lakini familia yenye kijana jeshini haiioni hivyo, na katika makanisa yetu ya wahamiaji familia za namna hiyo si moja wala mbili tena. Watoto waliofika hapa wakiwa wamebebwa mgongoni leo wamevaa magwanda. Wengine wamerudi salama na kustaafu, wengine wako kambini. Ndiyo maana tumechagua somo ambalo pengine halijawahi kufundishwa katika ibada zetu za nyumbani: alama za imani na maandishi yaliyo juu ya makaburi ya wanajeshi.

Tunajua kwa wazee wetu mambo haya ni uchuro. Kuzungumzia kaburi la mtu aliye hai ni kama kumchimbia. Tunawaomba mtuvumilie, kwa sababu ukimya huo una gharama yake, kama tutakavyoona.

Biblia haikuogopa mawe ya kaburi. Raheli alipokufa njiani akimzaa Benyamini, Yakobo hakumzika na kuondoka tu, bali alisimamisha nguzo juu ya kaburi, na mwandishi wa Mwanzo anasema nguzo hiyo ilijulikana hata siku zake. Naye Yoshua, baada ya watu kuvuka Yordani, aliamuru yachukuliwe mawe 12 kutoka mtoni, jiwe moja kwa kila kabila, ili watoto watakapouliza habari zake wazazi wawe na jambo la kuwaeleza. Angalieni kwamba katika habari ile jiwe halisemi lenyewe. Ni mzazi anayetakiwa kueleza. Basi mtoto wako akikuuliza, mkiwa mmesimama katikati ya yale mawe meupe yaliyopangwa mistari, kwa nini hili lina msalaba na lile lina nyota, utamjibu nini?

Jiwe lenyewe

Mawe yale ya marumaru meupe yaliyosimama yana kipimo kimoja. Urefu ni inchi 42, sehemu yake ikiwa imezama ardhini, upana inchi 13, unene inchi 4, na uzito unafika kiasi cha ratili 230. Jenerali na kuruta wanapewa jiwe la namna ileile. Mwanzoni haikuwa hivyo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, makaburi ya Arlington yalipoanza mwaka 1864, askari waliwekewa vibao vya mbao, navyo vilioza haraka. Mwaka 1873 Bunge likatenga fedha za mawe ya kudumu. Mawe hayo ya kwanza yalichongwa ngao, na ndani ya ngao jina, wala hayakuwa na alama yoyote ya dini.

Msalaba uliingia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1922 Jeshi lilianza kutumia jiwe jipya, lenye kichwa kilichopinda kidogo, na kwa mara ya kwanza likaruhusu alama ya imani juu ya jina. Alama zilikuwa mbili tu: msalaba kwa Mkristo, Nyota ya Daudi kwa Myahudi. Asiyekuwa katika hao wawili alizikwa chini ya jiwe tupu.

Mambo yalikaa hivyo kwa karibu miaka 30. Katika Vita vya Pili kila askari wa Marekani alivaa shingoni vibati vyenye jina na namba yake, na herufi moja ya dini: P kwa Mprotestanti, C kwa Mkatoliki, H kwa Myahudi. Haikuwapo herufi ya Mwislamu, wala ya Mwothodoksi, wala ya Mbudha. Hata hivyo maelfu ya vijana wa Marekani wenye asili ya Japani walipigana katika jeshi hilohilo, na kati yao walikuwamo Wabudha wengi. Wengine walikufa Italia na Ufaransa huku wazazi wao wakiwa wamefungiwa kambini hapa nchini. Gurudumu la Kibudha lilikubaliwa mwaka 1951, vita vikiwa vimekwisha miaka sita.

Leo orodha ya Idara ya Maveterani, ile tunayoizoea kwa jina la VA, ina alama zaidi ya 70. Misalaba peke yake ni ya aina nyingi: wa kawaida, wa Kilutheri, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti wenye mwali wa moto, wa Kiothodoksi. Wasabato wanayo yao. Kuna mwezi na nyota kwa Waislamu, Khanda ya Masingasinga, alama ya Wahindu, ya Wabahai, na hata ya wasioamini kwamba Mungu yupo. Alama si lazima. Familia isiyochagua chochote inapata jiwe lenye jina na tarehe tu.

Mjane wa Nevada

Hapa kuna habari ambayo baadhi yetu tutaisikia kwa taabu, lakini tunaona inafaa kujadiliwa. Septemba 2005, Sajini Patrick Stewart wa kikosi cha Nevada aliuawa Afghanistan, helikopta yake ilipoangushwa. Alikuwa wa dini ya Wicca, dini ya kuabudu nguvu za asili, na alama yao ni nyota ya pembe tano ndani ya duara. Mke wake, Roberta, aliomba alama hiyo iwekwe. Haikuwamo katika orodha, na maombi ya watu wa dini hiyo yalikuwa yamekaa kwa miaka bila kujibiwa, ingawa alama za dini nyingine ndogo zilikuwa zikipita. Kesi ilifunguliwa mwaka 2006. Aprili 2007 serikali ikakubaliana na walalamikaji, na nyota hiyo ikaingia katika orodha.

Sisi hatuifuati dini hiyo na hatutawafundisha watoto wetu kuifuata. Lakini mjane yule aliomba jambo la haki. Mumewe alikula kiapo kilekile, akavaa magwanda yaleyale, akafa kifo kilekile. Tena tufikiri kama watu waliowahi kuishi chini ya serikali zilizochagua dini ipi iandikishwe na ipi ipigwe marufuku, maana wako kati yetu wanaokumbuka. Ofisa mwenye uwezo wa kumkatalia mama yule nyota yake ndiye huyohuyo mwenye uwezo wa kutukatalia sisi msalaba siku moja. Serikali haikusema kwamba imani ya Sajini Stewart ni ya kweli. Ilisema tu kwamba ilikuwa yake.

Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu lipo kosa la upande wa pili, yaani kumwekea mtu msalaba asiokuwa nao. Katika makaburi ya Wamarekani huko Normandy, Ufaransa, kuna makaburi zaidi ya 9,000, na alama zote ni za marumaru: msalaba au Nyota ya Daudi. Rabi mmoja aliyetembelea pale alishangaa kuona nyota ni chache mno, kiasi cha 150, akajiuliza kama hesabu hiyo yaweza kulingana na idadi ya Wayahudi waliopigana. Utafiti ukaanza, na shirika la Operation Benjamin likazaliwa. Limekwisha kuthibitisha kwamba askari kadhaa wa Kiyahudi walizikwa chini ya misalaba, na mawe yao yakabadilishwa mbele ya jamaa zao, zaidi ya miaka 70 baada ya vita. Wengine walikuwa wameificha ile herufi H kwa kuogopa kutekwa na Wajerumani wa Hitler. Wengine ni makosa ya karani tu, au hakuwapo mtu wa kuulizwa.

Tumeona watu wakidhani kwamba msalaba haumdhuru mtu, hivyo ukiwekwa kwa kukosea si neno. Ni neno. Msalaba ni ushuhuda, na ushuhuda unaotolewa kwa niaba ya mtu ambaye hakuutoa ni ushuhuda wa uongo, hata ukichongwa kwa marumaru safi. Ndugu zetu Wayahudi waliobadilisha mawe yale hawakuwa wanauchukia msalaba. Walitaka mtoto wao aitwe kwa jina la baba zake.

Waingereza na herufi 66

Kwa kuwa wengi wetu tunatoka nchi zilizotawaliwa na Uingereza, au tuna jamaa kule, tuangalie na wao walivyofanya. Tume yao ya makaburi ya vita iliundwa mwezi Mei 1917, wakati vita bado vinaendelea, chini ya uongozi wa Fabian Ware. Ilikata shauri mapema kwamba maiti hazitarudishwa nyumbani, na kwamba mawe yote yatakuwa sawa kwa tajiri na maskini. Wazazi wengi walilia. Maelfu walitia sahihi ombi mwaka 1919 wakitaka kila mtoto wao apewe msalaba mzima badala ya jiwe la bapa lenye msalaba mdogo uliochongwa. Tume haikukubali. Hoja yake ilikuwa kwamba waliokufa walikuwa wa dini nyingi, na jiwe la umbo moja linaweza kubeba alama ya yeyote.

Mabishano kama hayo yalitokea juu ya mnara wa katikati ya makaburi. Mchoraji Edwin Lutyens alitaka jiwe kubwa kama meza, lisilo na alama ya dini yoyote. Wengine wakasema nchi ya Kikristo haiwezi kuzika watu wake bila msalaba. Mwishowe viliwekwa vyote viwili, na hata leo makaburi makubwa ya Waingereza yana jiwe la Lutyens upande mmoja na msalaba mrefu wenye upanga wa shaba upande mwingine. Maneno ya juu ya jiwe lile yalichaguliwa na mwandishi Rudyard Kipling kutoka Yoshua bin Sira 44:14, kitabu ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, na yanahusu jina lisilokufa. Maneno ya askari asiyetambuliwa, yasemayo kwamba Mungu anamjua, ni ya Kipling pia. Mtoto wake wa pekee wa kiume, John, alipotea vitani huko Loos mwaka 1915, na baba alikufa bila kulijua kaburi lake. Kwa hiyo aliandika akijua anachokisema.

Familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake chini ya jiwe, yasiyozidi herufi 66 pamoja na nafasi. Mwanzoni ilitakiwa kulipa peni tatu na nusu kwa kila herufi. Hesabu hiyo inafika karibu pauni moja kwa herufi zote, na kwa mjane wa wakati ule hiyo haikuwa fedha ndogo. Baadaye malipo yakawa ya hiari. New Zealand ilikataa kabisa mpango huo, kwa sababu wapo ambao wasingeweza kulipa, na jiwe tupu karibu na jiwe lenye maneno lingeonyesha umaskini wao.

Na babu zetu je?

Usawa huo wa mawe haukufika kwetu. Vita vya Kwanza vilipiganwa pia Afrika Mashariki kwa miaka minne. Wanaume kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo, Nyasa na kwingineko walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria zaidi kuliko kwa risasi. Majeshi ya Wabelgiji yaliyoiteka Tabora mwezi Septemba 1916 yalifika pale juu ya mabega ya wapagazi wa Kongo. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Tunanunua vitunguu Kariakoo, wala hatufikirii hata kidogo kwamba tunalitaja jeshi la watu wasio na kaburi.

Aprili 2021 tume ileile ya makaburi ilitoa taarifa juu ya historia yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wapatao 45,000 hadi 54,000, wengi wao Waafrika, Wahindi na wengine wasio Wazungu, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Sababu zilizotolewa zamani zinauma kuzisoma. Gavana wa Gold Coast alieleza mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Watu ambao mababu zao wanajua kila mti uliopandwa juu ya kaburi la ukoo!

Badala ya mawe ya mtu mmoja mmoja, zilisimamishwa sanamu za askari katika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi yake ni ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watalikumbuka jina la baba yao. Ukizunguka sanamu zile zote tatu, hutapata juu yake jina la mtu hata mmoja. Hakuna msalaba, hakuna mwezi, ingawa wale wanaume walikuwa na imani zao, Waislamu kwa Wakristo na wale walioshika mila za wazee wao.

Tunaomba familia zenye babu au babu wa babu aliyekwenda vitani, hata kama ni habari tu iliyopokelewa kwa mdomo, ziandike jina lake, kijiji chake na imani yake, kisha zimpe katibu wa kanisa. Tutayasoma majina hayo kwenye ibada.

Mambo ya kufanya

Sasa turudi nyumbani kwetu hapa. Mwanajeshi aliyestahili, yaani aliyefia kazini au aliyeachishwa bila kufukuzwa kwa aibu, anaweza kuzikwa katika makaburi ya taifa bila familia kulipia kaburi, kufukua na kufukia, jiwe, bendera, wala utunzaji wa baadaye. Mke au mume wake naye anastahili, na mara nyingi jina lake huchongwa upande wa nyuma wa jiwe lilelile. Akizikwa katika makaburi ya kawaida ambako hana jiwe, VA inatoa jiwe bure hata kama kaburi liko nje ya Marekani. Wanaofikiria kumzika mtu wao Bukoba au Bukavu walijue hilo, lakini wajue pia kwamba kulisimamisha ni gharama ya familia. Kama mmekwisha kununua jiwe lenu, inaweza kuombwa nembo ndogo ya shaba nyeusi ya kubandika juu yake. Nembo hiyo haina alama ya dini.

Yanayochongwa lazima ni jina, tawi la jeshi, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Cheo, vita alivyopigana, nishani na alama ya imani ni kwa ombi. Familia inaweza kuongeza maneno machache ya upendo, ila nafasi ni ndogo na maneno hupitiwa na ofisi kabla ya kuchongwa. Kwa hiyo msimwahidi bibi sentensi ndefu ya Kiswahili kabla ya kuuliza. Karatasi inayohitajika kuliko zote ni ile ya kuachishwa kazi, DD 214. Iwekwe pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, isikae kwenye simu ya kijana ambayo wazazi hawajui namba zake za siri.

Na kijana aulizwe akiwa hai. Tunajua wako vijana waliobatizwa hapa mbele yetu ambao leo hawaji kanisani, au wameoa katika dini nyingine. Mzazi anaogopa kuuliza kwa sababu anaogopa jibu. Lakini ofisi haitamwuliza marehemu, itaangalia kisanduku kilichotiwa alama na ndugu aliyejaza fomu. Tumeshuhudia mama na mke wa marehemu wakishindana juu ya alama hata siku ya mazishi, kila mmoja akiwa na uhakika wake, na mwenye jibu yumo ndani ya jeneza.

Mkienda makaburini Jumatatu hiyo, mtaona sarafu zimewekwa juu ya baadhi ya mawe. Watoto wasiziokote. Kwa desturi ya wanajeshi, senti moja ni ishara kwamba mtu amepita kumtembelea marehemu, senti tano ni ya aliyefunzwa naye kambini, senti kumi ni ya aliyetumika naye, na robo dola ni ya aliyekuwapo alipokufa. Vijiwe vidogo juu ya kaburi la Myahudi navyo vimewekwa kwa heshima, vinaachwa pale pale.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Yakobo alikuwa safarini alipomzika Raheli, mbali na kaburi la jamaa yake. Sisi tuliozika watu wetu ugenini, au njiani kambini, tuliweka alama gani? Nani anajua bado mahali pale?

2. Kama mtoto wetu angechagua alama tusiyoikubali, tungeiandika kwenye fomu? Wazazi wajibu kwanza, vijana wafuate.

3. Kila mmoja aandike maneno yake kwa Kiswahili, yasiyozidi herufi 66 pamoja na nafasi. Kwa mfano, "Mwana wetu mpendwa, Mungu amekupokea" ni herufi 36 ukihesabu nafasi na mkato. Leteni karatasi zenu Jumapili ijayo, za watoto wa Shule ya Jumapili zitabandikwa ukutani.